Baada ya majibu ya saratani ya titi: mwongozo kamili kwa mgonjwa wa Kigoma na nduguye

Mwanamke wa Kigoma anayepokea majibu ya saratani ya titi, iwe Maweni mjini, Kabanga kule Kasulu au katika hospitali nyingine ya mkoa, bado ana safari ndefu kabla ya kukutana na daktari bingwa wa ugonjwa huo. Mionzi na sehemu kubwa ya tiba ya dawa hupatikana Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kati ya karatasi ya majibu na siku ya kwanza ya tiba kuna barua ya rufaa, nauli, vikao vya ukoo, msimu wa kilimo, ushauri wa majirani na hofu. Kwa maoni yangu, hapo katikati ndipo tunapowapoteza wanawake wengi ambao tiba ingeweza kuwasaidia. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi katika kipindi hicho, kisha unaendelea hadi baada ya tiba. Nimeuandika kwa ajili ya mgonjwa mwenyewe na kwa ajili ya yule atakayefuatana naye.

Kwanza: siku zinazofuata majibu

Mshtuko huziba masikio. Daktari huendelea kueleza, na mgonjwa hutoka chumbani akiwa amebaki na neno moja tu. Kwa hiyo omba kurudi siku ya karibu ukiwa na mtu mmoja unayemwamini, aje na daftari, asikilize na kuandika. Si lazima awe mkubwa wa familia. Afaa zaidi mtu mtulivu, anayesoma na kuandika vizuri, asiye mwepesi wa kusambaza habari, na atakayeweza kusafiri nawe mara kadhaa: dada, wifi mnayeelewana, mume, au binti aliyemaliza shule. Daftari hilo liwe moja tangu siku hiyo hadi mwisho wa tiba, na ndani yake ziandikwe tarehe, majina ya dawa, maswali na majibu.

Jambo la pili ni kuelewa muda ulio nao. Mara nyingi uvimbe wa saratani ya titi umekuwa ukikua kwa miezi mingi au miaka kabla ya kuonekana, hivyo wiki mbili au tatu za kujipanga, kukamilisha vipimo na kutafuta nauli hazikuondolei nafasi ya kupona. Miezi ndiyo inayoiondoa. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituo cha afya kwa mara ya kwanza, na kwamba wagonjwa 80 kati ya 100 wamalize tiba yao yote. Andika tarehe uliyopewa majibu katika ukurasa wa kwanza wa daftari, uwe unaitazama kila mtu anapokushauri kusubiri.

Zipo dalili zisizongoja hata siku moja: kushindwa kupumua, maumivu makali ya mgongo yanayoambatana na miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, kuchanganyikiwa, degedege, au kidonda cha titi kinachovuja damu bila kukoma. Ukiwa na mojawapo, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama rufaa yako ni ya wiki ijayo.

Katika siku hizi wanawake wengi hujihukumu, nami naomba hukumu hiyo iondolewe mapema kwa sababu huzaa aibu, na aibu huchelewesha tiba. Saratani ya titi haisababishwi na kuweka pesa kwenye sidiria, wala na mtoto kuuma chuchu wakati wa kunyonya, wala na kijicho cha jirani. Haiambukizi kwa chombo, kitanda wala tendo la ndoa. Wagonjwa kama 5 hadi 10 kati ya 100 wana kasoro ya kurithi katika vinasaba, na wengi wa waliobaki hawana ndugu yeyote aliyewahi kuugua. Hata wanaume huugua, ingawa ni wachache sana.

Pili: kuyaelewa na kuyatunza makaratasi

Kinachothibitisha saratani ni kipimo cha kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe na kusomwa na daktari wa patholojia. Picha ya altrasaundi au ya mamografia, yaani eksirei ya matiti, peke yake hutia shaka tu, haithibitishi. Kama umeambiwa una saratani lakini hujachukuliwa kinyama, hiyo ndiyo hatua inayofuata, na usikubali titi liondolewe kabla ya majibu yake isipokuwa daktari akueleze sababu ya pekee. Imani kwamba sindano ya kuchukua kinyama huamsha ugonjwa na kuusambaza imewarudisha wengi nyumbani, nayo si kweli.

Majibu hayo yana mambo matatu ambayo wewe na ndugu yako mnapaswa kuyajua kwa majina. La kwanza ni aina ya saratani na ukali wa chembe zake. La pili ni vipokezi, yaani sehemu za chembe za saratani zinazopokea homoni au ishara za kukua, vinavyoandikwa ER, PR na HER2. Saratani yenye ER au PR hulishwa na homoni za mwili, kwa hiyo inaweza kuzuiwa kwa vidonge vya kupambana na homoni kama tamoksifeni. Yenye HER2 ina dawa yake maalumu, na ile isiyo na kipokezi hata kimoja hutegemea zaidi kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, ambazo mara nyingi hutolewa kwa dripu. La tatu ni steji, yaani ukubwa wa uvimbe, hali ya matezi ya kwapani, na kama ugonjwa umefika kwenye mapafu, ini, mifupa au ubongo. Steji huanzia ya kwanza hadi ya nne, na hujulikana baada ya vipimo vingine kama altrasaundi ya tumbo na picha ya kifua au CT, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa kompyuta. Steji ya nne mara nyingi haiponi kabisa, lakini inatibiwa, na wapo wanaoishi nayo kwa miaka wakiwa na maumivu yaliyodhibitiwa. Kwa hiyo asiwepo wa kukuambia kwamba hakuna tena la kufanya.

Kama vipokezi havijapimwa, uliza mapema. Maabara iliyosoma kinyama huhifadhi kipande chake ndani ya nta, na kipande hicho kinaweza kupimwa vipokezi bila wewe kuchomwa upya. Uliza kimehifadhiwa wapi, kwa namba gani, na kama unaweza kukichukua pamoja na vioo vyake vya hadubini kwenda navyo Mwanza au Dar es Salaam. Swali hili moja linaweza kukuokolea wiki kadhaa.

Tafuta faili lisilopenya maji. Weka majibu halisi ya patholojia, picha zote na maelezo yake, barua ya rufaa, kadi ya bima, kitambulisho cha taifa, kadi ya kliniki kama una shinikizo la damu, kisukari au unatumia dawa za kupunguza makali ya VVU, na orodha ya dawa zote unazokunywa. Toa nakala mbili za kila karatasi, moja ibaki nyumbani. Piga picha za makaratasi kwa simu ya ndugu. Hospitalini kabidhi nakala kila inapowezekana, kwa sababu karatasi halisi iliyopotea mbali na nyumbani ni kazi kubwa kuipata upya.

Tatu: kuwaambia watu wako

Sisi hatuugui peke yetu, na hilo ni neema na ni mzigo pia. Mume, kama yupo, asisikie kutoka kwa mtu mwingine. Mwambie mwenyewe, au mwambieni pamoja na ndugu uliyemchagua, na ikiwezekana aende nawe kumwona daktari ili maswali yake yajibiwe na mwenye utaalamu. Kwa wakwe, wifi au shangazi anaweza kutangulia kulisema jambo kwa heshima inayostahili, kisha wewe ukaja na maelezo. Watoto nao waambiwe kwa kadiri ya umri wao, kwa sababu huona mabadiliko nyumbani na hujitungia maelezo ya kutisha zaidi kuliko ukweli. Inatosha kumwambia mtoto mdogo kwamba mama anaumwa titi, atakwenda kutibiwa mbali, dawa zitamchosha na kumtoa nywele, nywele zitaota tena, na mama mdogo au bibi atakaa naye.

Ukoo ukikutana, kikao kiwe na ajenda inayojulikana: nani anasafiri na mgonjwa, nani anabaki na watoto, nani anashika shamba la mahindi au michikichi, na kila mmoja anachangia nini. Mteueni msemaji mmoja wa kupokea simu za kuulizia hali, mgonjwa apumzike. Swali la kama aende hospitali au asiende halifai kuwa ajenda ya kikao, na ndugu aliyeandika daftari awe tayari kusema hivyo kwa adabu, bila kuyumba.

Katika mikutano hiyo hiyo ndipo mganga hutajwa. Nasema wazi bila kumdharau mtu: hakuna mti, mzizi wala unga ambao umethibitishwa kuponya saratani ya titi. Dawa za kupaka zinazochoma ngozi hugeuza uvimbe uliokuwa wa kukatwa kuwa kidonda, na baadhi ya dawa za kunywa huumiza ini au figo, viungo ambavyo mwili unavihitaji sana wakati wa kemo. Kama umeshatumia, mwambie daktari bila woga. Sala, dua na maombi vikupe nguvu ya kwenda hospitali na ya kumaliza tiba. Shehe au mchungaji anayekupenda hatakutaka uache dripu ili kuonyesha imani.

Nne: rufaa, fedha na safari

Usiondoke hospitalini bila barua ya rufaa yenye muhuri, iliyotaja hospitali unakokwenda na kuambatanishwa na majibu. Mwombe daktari apige simu kliniki ya saratani kuuliza siku ya wagonjwa wapya, kwa sababu kufika Ijumaa jioni ili kungoja hadi wiki inayofuata ni gharama isiyo na faida.

Mwenye bima aende kwanza ofisi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mkoani kuuliza kifurushi chake kinalipia nini katika saratani na ni vibali gani vinahitajika kabla ya safari. Asiye na bima wala uwezo aanzie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, apate barua ya utambulisho, kisha aipeleke ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ambayo ndiyo inayochunguza maombi ya msamaha wa gharama. Fanyeni hivyo kabla ya kuuza shamba. Nimeshuhudia familia ikiuza michikichi yake yote kwanza, ofisi ikaulizwa baadaye, na mgonjwa akarudi kwenye nyumba isiyo na chanzo cha mapato.

Gharama inayowaangusha wengi ni ile inayozunguka dawa: nauli ya watu wawili, malazi, chakula, vipimo vya kurudia. Kemo hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki 3, na kwa kawaida huwa mizunguko 4 hadi 8. Mionzi hutolewa siku 5 kwa wiki kwa muda wa wiki 3 hadi 5, kwa hiyo kwa mtu wa Kigoma hiyo maana yake ni kuhamia kwa muda. Michango ya kikundi cha kuweka na kukopa, ya jumuiya au ya msikiti igawanywe kwa safari zote. Shauku ya mwanzo humaliza fedha katika safari ya kwanza, na mzunguko wa tatu unakuta mfuko mtupu.

Kwenda Mwanza, basi hupita Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi kuelekea Geita, na tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko. Kwenda Dar es Salaam ipo reli ya kati kupitia Tabora, ambayo kwa mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji ina nafuu ya kunyoosha mwili, ingawa safari ni ndefu. Uchaguzi kati ya miji hiyo miwili ufuate penye ndugu wa kukupokea, maana tiba utakayoimaliza ina thamani kuliko ile ya mbali utakayoikatisha.

Ukifika, uliza jambo ambalo wengi hawaulizi: je, kipimo cha damu kinachotangulia kila dripu kinaweza kufanyika Maweni na majibu kutumwa kabla hujapanda basi? Chembe za damu zikiwa chini, dripu huahirishwa, na ni bora kuahirishiwa ukiwa nyumbani.

Tano: wakati wa tiba

Mpangilio wa upasuaji, kemo na mionzi hutofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa. Uvimbe mkubwa mara nyingi hupunguzwa kwanza kwa kemo kisha hukatwa. Usihesabu kwamba umesahauliwa kwa sababu jirani yako wodini alianza na upasuaji. Uliza tu: kwa nini nimeanza na hiki, na kinachofuata ni nini?

Kuhusu kemo, kichefuchefu kina dawa, na dawa hiyo hufanya kazi vizuri ikinywewa kwa saa ulizopangiwa, kabla kutapika hakujaanza. Dripu nyekundu hupaka mkojo rangi kwa siku moja au mbili, na hiyo si damu. Nywele hutoka kwa dawa nyingi na huota tena baada ya tiba. Hakuna chakula kinachoponya saratani, wala hakuna sababu ya kumnyima mgonjwa nyama na mayai. Apate migebuka, dagaa, maharage, karanga, uji mzito na matunda yaliyooshwa kwa maji safi. Kila kitu kipikwe kikaiva, na maji ya kunywa yachemshwe.

Sasa nifike kwenye homa, na hapa naomba usome polepole. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, ambazo kwa dawa nyingi huwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Bakteria wakiingia katika siku hizo, mwili hauna askari wa kutosha na mtu anaweza kufariki ndani ya saa chache. Mkoani kwetu kila homa hudhaniwa kuwa malaria, mgonjwa hununuliwa dawa ya mseto na panadoli dukani, na asubuhi inamkuta hawezi kusimama. Nunua kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, au ukitetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakijafika hapo, nenda hospitali usiku huohuo. Malaria ipimwe, lakini hata ikionekana, bado uwezekano wa bakteria haujaondoka: ni lazima ipimwe picha kamili ya damu, na antibaotiki za mshipani zianze mapema, kadiri inavyowezekana ndani ya saa moja tangu ufike.

Mhudumu wa zamu ya usiku huenda hajawahi kukutana na mgonjwa wa kemo. Kwa hiyo mwombe daktari wako wa saratani akuandikie karatasi fupi yenye muhuri inayotaja dawa unazopewa, tarehe ya dripu ya mwisho, na maelekezo kwamba homa kwako ni dharura. Itembee nawe kila mahali. Anayeishi mbali na hospitali, kwa mfano katika vijiji vya mwambao wa kusini anakotegemea boti, apange kukaa kwa ndugu Kigoma mjini au Kasulu hadi siku ya 14 ipite. Alale ndani ya chandarua daima.

Baada ya upasuaji unaogusa matezi ya kwapani, bega hukakamaa na mkono unaweza kuvimba, hata baada ya miaka. Anza mazoezi mepesi mara utakaporuhusiwa: simama mbele ya ukuta, pandisha vidole taratibu juu yake, kila siku zaidi kidogo. Ndoo ya maji na jembe vingoje, kisha virudi kwa kiasi. Jikinge na majeraha upande huo, vaa glavu shambani, na mkono ukiwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, nenda hospitali. Kwa kifua, fundi cherehani anaweza kushona mfuko ndani ya sidiria ujazwe pamba na nafaka ndogo kama ulezi ili uzito ulingane na upande wa pili. Wengine huchagua kutoweka chochote, na hiyo ni haki yao.

Kuna mambo ambayo hayazungumzwi kwa sababu ya soni, nami nayataja ili uyaulize. Usishike mimba wakati wa tiba. Vidonge, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango vyenye homoni kwa kawaida haviruhusiwi kwa mwenye saratani ya titi, lakini kitanzi cha shaba na kondomu hufaa. Usinyonyeshe wakati wa kemo wala ukiwa unatumia tamoksifeni. Kama bado unatamani mtoto, sema kabla ya dripu ya kwanza, kwa kuwa kemo inaweza kufunga hedhi moja kwa moja. Tendo la ndoa halikatazwi, ila lisubiri utayari wako, na ukavu unaoletwa na dawa una msaada usio na homoni.

Usingizi ukikosekana kwa wiki nyingi, ukiacha kula, au wazo la kufa likawa linakuvuta, mwambie muuguzi kama unavyomwambia habari ya kutapika, kwani nalo lina tiba. Maumivu pia yasivumiliwe kimyakimya. Mofini ya kunywa ipo kwa ajili hiyo, na inayotolewa kwa kipimo cha daktari haimgeuzi mgonjwa kuwa teja.

Sita: tiba inapokwisha

Mwenye vipokezi vya ER au PR ataanza kidonge cha kila siku, mara nyingi tamoksifeni, kwa angalau miaka 5, na wengine hadi 10. Kuacha kwa sababu unajisikia mzima ni kuacha tiba katikati. Joto la ghafla mwilini ni la kawaida, ila mguu mmoja kuvimba na kuuma, au damu ukeni baada ya hedhi kukoma, ni sababu ya kumwona daktari haraka. Agiza kidonge cha mwezi ujao kabla cha mwezi huu hakijaisha, na uulize hospitali ya mkoa kama itaweza kukuletea ili usisafiri kwa ajili ya dawa tu.

Miaka ya mwanzo utaitwa kliniki kila miezi 3 hadi 6, na titi lililobaki litapimwa kwa mamografia mara moja kwa mwaka. Kati ya tarehe hizo, rudi bila kungoja ukiona uvimbe mpya kwapani au kwenye kovu, maumivu ya mfupa yasiyoisha, kikohozi cha wiki kadhaa, macho kuwa ya manjano au kichwa kuuma kusiko kwa kawaida. Dada zako na binti zako wakubwa waeleze ugonjwa wako na umri uliougua, nao wakaulizie uchunguzi wa matiti katika kliniki iliyo karibu nao, hasa kama uliugua kabla ya miaka 50 au kuna ndugu mwingine aliyeugua titi au ovari.